Muuza dawa, uliza pumu kwanza

Dawa inayomtuliza mmoja mapigo ya moyo yaweza kumbana mwingine pumzi. Madaktari wanalijua hilo. Wanunuzi wengi madukani hawalijui.

Adrenalini hufanya kazi kwa kushika vipokezi vilivyo kwenye seli. Vya beta 1, vilivyojaa moyoni, huongeza mapigo. Vya beta 2, mapafuni, hutanua njia za hewa. Salbutamoli, dawa ya kuvuta ya wenye pumu, huamsha hivi vya pili. Propranololi, iliyobuniwa na James Black na wenzake miaka ya 1960, huzuia vyote viwili: moyo hutulia, lakini mwenye pumu aweza kubanwa kifua, na salbutamoli yake isimsaidie ipasavyo.

Ndiyo maana kuazimana vidonge vya presha kama propranololi ni hatari. Kuviacha ghafla nako kwaweza kuleta maumivu ya kifua, hata mshtuko wa moyo.

Tunawataka wauza dawa wasitoe propranololi bila cheti cha daktari, na kabla ya kufungasha waulize: una pumu? Wagonjwa nao waseme hata wasipoulizwa.