Tusione Haya Kula kwa Mikono

Hakuna furaha impatayo mwalimu mkongwe kama kukumbukwa na mwanafunzi wake. Ndiyo sababu sikusita majuzi nilipopigiwa simu na kijana mmoja niliyemfundisha Kiswahili na Historia zaidi ya miaka ishirini iliyopita, ambaye sasa ni mhasibu jijini Nairobi, akinialika kwa chakula cha jioni katika mkahawa mmoja mtaani Westlands. Mkahawa wenyewe, aliniambia kwa fahari, ni wa vyakula vya Asia nzima.

Asia nzima! Nilipoifungua orodha ya vyakula nilikuta Uchina, Japani, Thailandi na India zimebanwa katika kurasa sita. Nilijiuliza sisi tungesema nini iwapo tungeingia mkahawa huko London tukakuta injera ya Waethiopia, fufu ya Waghana na ugali wetu vimetiwa katika kapu moja na kuitwa chakula cha Afrika. Bila shaka tungenung'unika. Hata hivyo, msomaji mpenzi, hilo silo lililonifanya niishike kalamu.

Tuliagiza vyakula vya namna tatu ili viwekwe katikati, kila mtu ajipakulie. Palikuwa na sushi ya Kijapani, yaani matonge madogo ya wali uliotiwa siki, juu yake kipande cha samaki mbichi. Palikuwa na kuku wa Kithai aliyepikwa kwa tui la nazi, pilipili mbichi na mchaichai. Mtu wa Lamu au Mombasa angemwonja akadhani kapikwa na jirani. Mimi nikaongeza mchuzi wa dengu na naan, mkate wa Kihindi ambao ni ndugu wa chapati.

Chakula kilipoletwa nilimwomba mhudumu, kwa Kiswahili, maji ya kunawa. Alinijibu kwa Kiingereza kwamba angeniletea uma. Mwenyeji wangu akainama, akaninong'oneza: "Mwalimu, tafadhali, hapa watu hawali kwa mikono."

Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa vitani na vijiti viwili. Tonge la sushi lilikuwa limemponyoka mara mbili na kutumbukia katika kibakuli cha mchuzi wa soya, likamrukia tai.

Nilitamani kucheka, kwa kuwa mezani pale kanuni zilikuwa zimepinduliwa juu chini. Nchini India mamilioni ya watu huumega mkate wao kwa mkono wa kulia na kuchovya mchuzi, wala hapana anayewaita washamba. Sushi ya matonge, Wajapani wenyewe huila kwa vidole wakipenda, na hakuna anayeshangaa. Wathai nao hula wali kwa kijiko, uma ukiwa mkono wa kushoto kusukumia tu. Vijiti huvitumia zaidi kwa tambi. Kaskazini-mashariki mwa nchi yao huula wali unaonata kwa mkono, wakiufinyanga tonge kama tufinyangavyo ugali. Hata vijiti vyenyewe si vya namna moja: vya Wachina ni virefu na butu, vya Wajapani ni vifupi na vimechongoka, na vya Wakorea aghalabu ni vya chuma. Kwa hiyo ile kanuni ya "hapa watu hawali kwa mikono" haikutoka Asia. Ilitoka wapi basi?

Nilimuuliza swali hilo kwa sauti yangu ya darasani. Akatabasamu, akasema polepole: "Mwalimu, si wewe uliyenifunza?"

Akanikumbusha. Ilikuwa juma lake la kwanza katika kidato cha kwanza, nami nilikuwa mwalimu wa zamu. Niliingia bwalo nikamkuta akila ugali na sukuma wiki kwa mkono, kama alivyokula kwao tangu azaliwe. Nilimsimamisha juu ya benchi mbele ya wanafunzi mia kadhaa, nikamwambia kwamba pale ni shuleni, si malishoni. Bwalo zima liliangua kicheko. Mimi nilikuwa nimelisahau tukio hilo kabisa. Yeye aliikumbuka hata siku yenyewe, kwamba ilikuwa Alhamisi.

Naungama haya hadharani kwa kuwa nadhani siko peke yangu. Wengi wetu tuliorithi chaki tulirithi na kiboko hicho cha maneno. Walimu wetu walitucheka, nao walichekwa na walimu wao, hadi kufikia wale waliotoka ng'ambo na kutuambia kuwa uma ni ustaarabu na kidole ni ushenzi. Lakini ustaarabu huo nao ulikuwa na umri gani? Mwaka wa 1611 msafiri Mwingereza, Thomas Coryat, alichapisha kitabu ambamo alieleza kwa mshangao kwamba Waitalia hutumia uma mezani. Wakati huo wengi wa wananchi wenzake walikula kwa kisu na vidole. Watu waliotufundisha kuona haya, basi, babu zao walikula kama sisi.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema kwamba mikono hubeba maradhi, na kwamba mtoto wa leo lazima aweze kuketi na watu wa mataifa yote bila kubabaika. Hoja ya kwanza ni nzito, na jibu lake ni maji na sabuni. Mkono niliounawa mwenyewe naujua. Uma ulionawishwa na mtu nisiyemwona siujui. Shule inayoadhibu kula kwa mikono lakini haina mfereji mlangoni mwa bwalo haipigani na kipindupindu. Inapigana na desturi za wazazi wa wanafunzi wake.

Hoja ya pili naikubali moja kwa moja. Mwanafunzi na afunzwe uma, afunzwe na vijiti akipata nafasi. Ila kumfunza mtu ustadi mpya ni jambo moja, na kumfunza kuudharau ule aliokuja nao ni jambo jingine. La kwanza humwongezea. La pili humpokonya, na kwa kawaida humpokonya mbele ya watu.

Yawezekana somo la namna hii likatolewa bila gharama kubwa. Mwalimu wa Historia na aianzie kwenye sahani. Awaulize wanafunzi chapati, biriani, achari na kachumbari zilitoka wapi, nao watagundua kwamba si vyakula tu vilivyovuka bahari kutoka India, bali hata majina yake. Chai, iliyopandwa nchini kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka wa 1903, asili yake ni Asia. Mahindi, ingawa jina lake laelekeza India, yalitoka bara la Amerika. Pilipili iliyo katika mchuzi wa Kithai nayo yalitoka huko huko, ikasambazwa Asia na Wareno katika karne ya 16. Mwanafunzi akiyajua hayo hataona ajabu kwamba tui la Thailandi lafanana na la Lamu, wala hatakitazama chakula cha mtu yeyote kwa kejeli, kiwe cha mgeni au cha nyanya yake.

Nanyi wanafunzi, siku mtakapoingia mkahawa wa aina hiyo, ulizeni wenye chakula hukilaje. Ni heshima kwao na elimu kwenu. Msimtazame aliyeketi meza ya pili. Huenda naye anawatazama nyinyi.

Usiku ule nilikwenda msalani, nikanawa, nikarudi nikaumega mkate wangu. Kisha nilimwomba kijana yule msamaha kwa ile Alhamisi. Alicheka, akasema yalishapita, na kwamba mwalimu haombi radhi kwa mwanafunzi. Nilimsisitizia kwamba huomba. Hata hivyo, hadi alipolipa tukaondoka, hakuviweka chini vile vijiti, na nusu ya sushi yake ilibaki sahanini.

Wahenga walituusia kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Walimu wenzangu, na tuchunge tunamkunjia upande gani, kwa kuwa akishakauka hakunjuki tena.