Kazi ya Kupuliza Kioo

Mzee mmoja wa upande wa Makueni ametaka nimwambie kama yafaa mwanawe, aliyemaliza kidato cha nne, aende kujifunza kazi ya kupuliza kioo, au angoje nafasi ya ofisini. Asema hakuuza ng'ombe wawili kwa ajili ya karo ili kijana akasimame mbele ya moto kama mhunzi. Mimi nala mkate wa ofisi, na mwenye kuula mkate huo ni mwepesi wa kuusifu. Kwa hiyo nitaieleza kwanza kazi ya kioo jinsi ilivyo.

Tena, wahunzi wasidharauliwe. Wakamba walijulikana kwa chuma na kwa mikufu myembamba ya shaba kabla shule haijafika. Wala kioo si kigeni kwetu. Katika karne ya 19 misafara yetu ilipeleka pembe za ndovu Mombasa, ikarudi na nguo na shanga. Kivoi wa Kitui, ambaye Dakta Krapf alimtembelea mwaka 1849, alikuwa mkubwa katika biashara hiyo. Shanga nyingi za siku zile zilitoka Venice, katika Italia, mji ambao mwaka 1291 uliamuru tanuri za kioo zihamishiwe kisiwa cha Murano kwa kuogopa moto. Babu zetu walitoa pembe nzima wakapewa kioo, na moto uliokiyeyusha hawakuuona kamwe.

Leo moto huo uko karibu. Msomaji aendaye Nairobi kwa barabara ya Mombasa, afikapo Athi River, huiona njia ya Namanga ikikata kushoto kwenda Kitengela. Katika nchi hiyo ya Kajiado, kusini ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, Bibi Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, alianza kazi ya vioo vya rangi yapata miaka arobaini na kitu iliyopita. Katika miaka ya 1990 mwanawe, Bwana Anselm Croze, akasimamisha tanuri ya kupuliza kioo. Kioo wakiyeyushacho ni kile walichotupa wengine, yaani vipande vya madirisha na chupa.

Sasa kazi yenyewe. Tanuri hufikishwa joto la digrii 1,100 na zaidi, na kwa kawaida haizimwi usiku, maana kuiwasha upya ni kazi ya siku nyingi na chungu chaweza kupasuka. Kioo kilichoyeyuka hufanana na asali nzito, na watu wa Kitui hawana haja ya kuelezwa asali. Fundi huingiza ncha ya bomba refu la chuma, huizungusha, akatoa bonge linalowaka. Tangu dakika hiyo mikono yake haipumziki. Akiacha kulizungusha bomba, bonge litateremka upande mmoja kama ugali mwepesi. Hulibingirisha juu ya bamba la chuma, kisha hupuliza. Watu hudhani kwamba kupuliza kwahitaji mashavu ya tarumbeta. Sivyo. Pumzi ni ndogo, na hewa iliyoingia hupanuka yenyewe kwa joto. Kisha huirudisha kazi motoni, huitoa, huirudisha tena, na katikati ya hayo huiumba kwa mti uliolowa maji au kwa bunda la magazeti yaliyoloweshwa. (Hata ukurasa huu, ukiisha kusomwa, waweza kupata kazi.)

Hapo ndipo msaidizi ahitajiwapo. Huleta fimbo yenye tone la kioo cha moto, huibandika chini ya chombo, na fundi hugonga bomba lake mpaka chombo kikaachana nalo; ndipo mdomo wa bilauri hufunguliwa kwa koleo. Mmoja akichelewa, kazi yote huanguka sakafuni. Basi mtu mwenye kiburi, asiyependa kuitwa wala kuamrishwa, asiende huko. Chombo kikiisha, hakiwekwi mezani kipoe. Hutiwa katika tanuri nyingine yenye joto la karibu digrii 500, likapunguzwa polepole mpaka kesho yake. Kioo kilichopozwa kwa haraka huweka ugomvi ndani yake, na chaweza kupasuka siku nyingine bila kuguswa na mtu.

Zamani kazi hii ilikuwa ya viwanda vikubwa tu. Mwaka 1962, huko Toledo, Marekani, mwalimu Harvey Littleton na wenzake walionyesha kwamba msanii aweza kuwa na tanuri ndogo yake mwenyewe, akatengeneza kitu alichokiwaza yeye. Ndiyo maana leo twaweza kusema juu ya kioo cha sanaa nchini Kenya.

Je, kijana aende? Kwa maoni yangu, aende, ikiwa mzee yu tayari kuhesabu miaka na si miezi. Mwaka wa kwanza ataosha vipande vya kioo, atafagia, atafungua na kufunga mlango wa tanuri. Akiwa na jicho jema atapewa bomba, naye atavunja vyombo vingi kabla ya kupata bilauri mbili zinazofanana. Cheti cha shule hakitamwokoa hapo, ingawa hesabu zitamfaa siku atakapopanga bei. Na jambo ambalo mzee alipime sana ni wanunuzi: hoteli, wageni, na matajiri wa Nairobi. Mwaka 2020 wageni walipokatika kwa sababu ya Korona, kila fundi aliyewategemea alipata njaa. Tanuri hula mafuta hata siku isiyouza kitu, jambo ambalo mchonga vinyago halimpati.

Lakini mchongaji naye ana deni lake. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga huko Tanganyika wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, akarudi akawafundisha wenzake, na maelfu ya nyumba za Ukambani zikala kwa ufundi huo. Miti ya mpingo na muhugu ikapungua, hata wachongaji wakageukia mwarobaini na mwembe. Vipande vya chupa haviwezi kwisha namna ile.

Neno moja la mwisho kwa wale wa Makueni ambao, wakisikia kwamba kioo hutokana na mchanga, huanza kuutazama mto. Kioo cheupe hutaka mchanga safi sana, usio na chuma, maana chuma hukigeuza kuwa kijani. Hutaka pia chokaa, na magadi ya kuuyeyusha, ambayo Kenya huyachimba Magadi. Mchanga wa mito yetu una mchanganyiko mwingi, na kazi yake kubwa ni kutuwekea maji wakati wa kiangazi. Kaunti ilitunga sheria ya kuulinda mwaka 2015. Kijana akitaka kioo, na aokote chupa.