Simu Nyembamba, Bei Nzito

Tarehe 9 Septemba 2025 kampuni ya Apple ilitangaza iPhone Air, simu yenye unene wa milimita 5.6. Wapenzi wake waligawanyika: baadhi walisifu wembamba wake, wengine wakanung'unikia kamera moja tu ya nyuma kwa bei iliyoanzia dola 999.

Mabishano hayo hubisha hodi hata kwetu, Ngara na Biharamulo, pale kijana anapomsihi babaye auze kahawa kwa butura, ikingali mtini, ili apate simu mpya.

Wazazi, tusikimbilie kukemea. Tumwulize: iliyo mkononi mwako imeshindwa kazi gani? Ikiwa imeshindwa, tununue nyingine kwa kadiri ya uwezo. Ikiwa haijashindwa, hiyo ni israfu. Mavuno yatafika, wadogo zake watahitaji madaftari, na kahawa si yetu tena.