Kabla Ukiri Kosa, Uliza Saa na Bei

Wasee, tuongee ukweli. Huku Kericho na Bomet kijana akishikwa na mtungi wa gesi usio wake, mtaa mzima humpa jina moja tu: mwizi. Kortini jina hilo halitoshi. Pale kifungu cha sheria ndicho huamua urefu wa kifungo.

Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika 1930, inasema hivi katika kifungu cha 304: ukivunja na kuingia nyumba ya watu mchana kwa nia ya kutenda kosa kubwa, ni hadi miaka 7. Usiku, ni hadi miaka 10. Na usiku wa sheria haungoji giza. Unaanza saa kumi na mbili na nusu jioni, unaisha saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sasa fikiria laini za wafanyakazi kwenye shamba la chai. Wachumaji wametoka mapema, nyumba ziko tupu. Mlango ule ule, dakika kumi kabla au baada, na adhabu inaweza kutofautiana kwa miaka 3.

Kuvunja nako si lazima kufuli ling'olewe. Kusukuma mlango uliorudishiwa tu kunatosha.

Halafu kuna kifungu cha 279: kuiba kitu cha zaidi ya Sh100 ndani ya nyumba ya kuishi ni hadi miaka 14. Sh100! Leo hiyo haitoshi hata kilo moja ya sukari.

Najua kuna atakayesema wezi wafungwe tu. Sawa, mama aliyetoka kuchuma chai akakuta gesi imeenda ana haki ya kukasirika, na anayevamiwa akiwa amelala hata zaidi. Adhabu kali ya usiku naielewa. Hiyo ya Sh100 siielewi, na Bunge linafaa kuibadilisha.

Kwa sasa, jua hili. Makosa hayo mawili mara nyingi huandikwa pamoja kwenye hati ya mashtaka. Kijana anasema "ni kweli, nilichukua" ili mambo yaishe, kumbe anachukuliwa kuwa amekiri kuvunja usiku pia. Kifungu cha 50 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa shtaka kwa kina, na mkalimani bila malipo kama huelewi lugha ya korti. Itumie. Ukishakiri mbele ya hakimu, rufaa hubaki kuhusu adhabu tu.