Apandishwapo Mgeni Chumba kwa Kiingereza

Hoteli kubwa za Nairobi zinahama. InterContinental, iliyofunguliwa mwaka wa 1969, ilifunga milango yake mwaka wa 2020. Hilton, iliyofunguliwa mwaka uo huo wa 1969, na ambayo mnara wake wa mviringo ulikuwa alama ya jiji kwa vizazi viwili, ikaifuata Desemba 2022. Wakati huo huo, upande wa magharibi, majengo mapya yanachomoza: Sankara mwaka wa 2010, Villa Rosa Kempinski mwaka wa 2013, na JW Marriott yenye zaidi ya vyumba 300 mwaka wa 2024. Tangu barabara ya kulipia ifunguliwe mwaka wa 2022, mgeni atokaye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta hupitishwa juu ya jiji na kushushwa Westlands, asiione hata Tom Mboya.

Wachumi wameyaeleza hayo kwa mizani yao. Mimi ni mtu wa isimu, na jambo linalonishughulisha ni dogo kwa umbo, ila lina uzito: lugha ambayo mgeni hupangiwa chumba kwayo, hasa pale anapoambiwa kwamba atapandishwa kutoka chumba alicholipia hadi kilicho bora zaidi.

Yafaa kwanza tuelewe jinsi mambo haya yaendavyo. Usiku wa chumba ni bidhaa iozayo upesi kuliko nyanya za Marikiti. Kukipambazuka chumba kikiwa kitupu, usiku ule hauuziki tena. Kwa sababu hiyo hoteli nyingi hupokea maombi ya vyumba vya kawaida kupita idadi ya vyumba vyenyewe, zikitumai kwamba baadhi ya wageni hawatafika. Wakifika wote, hapana budi wengine wapandishwe kwenye vyumba vya bei ghali ambavyo vingelala vitupu. Hiyo ndiyo zawadi, na aghalabu huwaendea wenye kadi ya uanachama. Lakini ipo aina ya pili. Karani wa mapokezi humwambia mgeni kwamba kimepatikana chumba kikubwa zaidi, chenye mandhari ya kupendeza, kwa nyongeza ya fedha kidogo. Hii si zawadi, ni biashara. Kwa Kiingereza mambo haya mawili huitwa kwa neno moja.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria kongamano katika hoteli moja ya Westlands ambayo sitaitaja. Kongamano lenyewe, msomaji usicheke, lilikuwa la Kiswahili. Mbele yangu kwenye foleni alisimama mwalimu mmoja wa shule ya upili kutoka Magharibi, mtu wa makamo na wa heshima zake. Alimsalimu karani kwa Kiswahili sanifu. Akajibiwa kwa Kiingereza, tena kile cha haraka. Karani akamgeukia mwenzake, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu mpandishe, kule juu kuko wazi." Kisha akamgeukia mwalimu na kumtangazia habari njema kwa Kiingereza. Mwalimu alishukuru, akatia sahihi. Baada ya siku tatu alidaiwa shilingi elfu sita kwa kila usiku, jumla elfu kumi na nane, fedha ambazo wenye kongamano walikataa kumlipia. Alipolalamika, alionyeshwa sahihi yake.

Sidai kwamba karani alikusudia kumlaghai. Huenda alitaja bei. Ninachodai ni kwamba uamuzi ulifanywa kwa Kiswahili na kutangazwa kwa Kiingereza, na katika safari hiyo fupi kutoka lugha moja hadi nyingine ndipo shilingi elfu kumi na nane zilipotea. Kitenzi cha Kiswahili kina viungo vinavyofichua mambo. Mtu aliyepandishwa ametendewa. Aliyepanda ametenda mwenyewe. Aliyeuziwa ana haki ya kuuliza bei. Karani aliyelazimika kusema kwa Kiswahili angelazimika pia kuchagua: "Tumekupandisha," au, "Je, ungependa kulipa zaidi upate chumba kikubwa?" Hakuna mwalimu ambaye angechanganya kauli hizo mbili.

Tazama pia majina ya vyumba. Katika hoteli nyingi hakuna chumba cha chini wala cha wastani. Ngazi huanzia kwenye neno lenye maana ya "bora", ikapanda hadi "cha fahari", kisha "cha wakurugenzi". Bora kuliko nini, hatuambiwi. Ni ngazi isiyo na kidato cha kwanza, na anayeanza kuipanda hana njia ya kujua yuko wapi.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya. La hasha! Watu wa Lamu walipanga wageni kwa vyeo karne nyingi kabla ya Nairobi kuwapo. Katika nyumba zao za mawe, mpita njia hukaa dakani; mgeni wa kiume wa heshima hukaribishwa sabule; jamaa huvuka kiwanda hadi misanani; nako ndani si kwa kila mtu. Kule mgeni hakupandishwa bali aliingizwa, na cheo chake kilipimwa kwa jinsi alivyoukaribia moyo wa nyumba. Chumba ambacho hoteli hukiita kwa neno la Kifaransa ni chumba chenye sebule, basi.

Kuna na suala la sheria. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidi kikamilifu alichonunua. Maelezo yasiyoeleweka ni maelezo gani? Nao vijana wetu katika Chuo cha Utalii, kilichoanzishwa mwaka wa 1975, hufundishwa Kifaransa na Kijerumani wapate kuwahudumia wageni wa mbali. Ni vyema. Lakini mwalimu kutoka Magharibi naye ni mgeni, na analipa kwa shilingi zile zile.

Mamlaka inayozipa hoteli nyota chini ya Sheria ya Utalii ya 2011 ingeweza kudai kwamba orodha ya bei, fomu ya kutia sahihi na ilani iliyobandikwa nyuma ya mlango ziwe kwa lugha zote mbili rasmi. Gharama yake haifiki bei ya zulia moja la ukumbini. Kwa wanaofundisha tafsiri, hapa pana zoezi la muhula mzima: chukueni fomu ya hoteli yoyote, iandikeni kwa Kiswahili, halafu mumpe mzazi wa mwanafunzi aisome na awaeleze, kabla hajatia sahihi, ni nini hasa anachokubali kulipa.