Acheni Kuniuzia Mlima: Familia Yangu Itapanda Noah

Haya wadau, nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu. Si kazi iliyonibana, ni gari. Tangu niseme nyumbani kwamba natafuta gari la familia, Kaptembwo nzima imegeuka kuwa washauri. Shemeji anasema Prado. Kinyozi anasema X-Trail. Jirani ninayekutana naye stejini kila asubuhi anasema, "Usijidharau bwana, nunua kitu kirefu." Nilipotaja Toyota Noah walicheka wote, na mmoja akaniuliza mstari wa manjano nitauchora lini.

Kwa msomaji asiye wa Kenya: mstari wa manjano ni alama ya matatu, tangu kanuni za Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004. Kejeli yenyewe ni kwamba mtu aliyefika hapandi gari linalofanana na matatu. Basi leo nawajibu wote kwa pamoja, nipate kurudi kwenye kazi yangu.

Mimi naandika programu. Kosa ninaloliona sana kazini ni mteja mwenye wateja 200 kudai mfumo wa kubeba watu milioni moja. Analipia seva kubwa kila mwezi kwa ajili ya siku ambayo haijafika. Anayenunua SUV kubwa kwa sababu ya matope ya ushago anafanya hayo hayo. Nilichukua daftari nikaandika safari zetu za mwaka mzima: shule, soko, kanisa, kliniki, Njoro, na mara chache Nairobi, kama kilomita 160 za lami. Olenguruone kwa kina mama? MARA MBILI. Siku 363 za mwaka nilipe kwa sababu ya siku mbili?

Sasa tuje kwenye hesabu.

Kwanza, nafasi. Tuko saba: mimi, mke wangu, watoto watatu, mpwa wangu na mama. Noah ya toleo la 80 ina upana wa mita 1.695, Prado ya toleo la 150 ina mita 1.885. Lakini kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma Noah ina mita 2.85, Prado 2.79. Yaani gari jembamba ndilo lenye nafasi ndefu zaidi ya watu! Si uchawi. Prado imejengwa juu ya chesisi kama lori, na sakafu inakaa juu ya chuma hicho. Noah haina chesisi ya namna hiyo, injini yake imelazwa kwa upana huko mbele, na inayovuta kwa magurudumu ya mbele haina hata propela ya kwenda nyuma. Kwa hiyo sakafu iko chini, na nafasi iliyobaki ni ya miguu ya watu. Kaa kiti cha nyuma kabisa cha Prado hadi Naivasha, kisha uniambie magoti yako yalikuwa wapi.

Pili, kodi. Chukua gari lenye thamani ya forodha ya shilingi 1,000,000. Ushuru wa forodha ni 35% tangu Julai 2023, tumefika 1,350,000. Noah ya petroli yenye cc 1,986 inalipa ushuru wa bidhaa wa 25%: 1,687,500. Weka VAT ya 16%: 1,957,500. Prado ya dizeli yenye cc 2,754 inaangukia kundi la 35%, kwa hiyo inafika 2,114,100. Tofauti ni 156,600 kwa kila milioni moja, kabla ya ada nyingine. Na kumbuka, thamani ya Prado haianzii mahali ilipo ya Noah. Hiyo ni karo ya shule mnayoimwaga Mombasa.

Tatu, watoto wa wenzetu. Hapa Kaptembwo watoto wengi huenda shule kwa miguu, na barabara nyingine za ndani hazina njia ya watembeao. Mwaka 2023 taasisi ya IIHS ya Marekani ilitoa utafiti kwamba magari yenye boneti ya zaidi ya inchi 40, kama mita moja, yana uwezekano wa karibu 45% zaidi wa kumuua mtembea kwa miguu anayemgonga, yakilinganishwa na yenye boneti fupi iliyoinama. Mnaniambia gari refu ni usalama. Usalama wa nani?

Najua mtakachosema: na mvua je? Sawa, nakubali. Noah iko kama sentimita 16 kutoka ardhini, X-Trail ya T32 iko kama 20. Mkulima wa Mau Narok au Kuresoi anayepita kwenye tope kila siku anahitaji gari la juu lenye nguvu magurudumu yote manne, na simcheki. Lakini hebu inameni mwangalie chini ya hizo SUV zenu. Nyingi zinazoingia nchini zinavuta kwa magurudumu mawili tu, sawasawa na Noah. Mmenunua urefu, hamkununua nguvu. Zikifika kwenye tope zitasukumwa na vijana wale wale watakaonisukuma mimi.

Nne, na hapa sina utani. Mama yangu ana shida ya nyonga. Mwezi wa Aprili shemeji alituazima Prado tumpeleke kliniki, na namshukuru kwa moyo wake. Mama alisimama mlangoni, akashika mpini, mguu haukufika. Akajaribu tena. Mwishowe wanaume wawili tulimbeba kama gunia la viazi, majirani wakitazama. Hakusema neno. Siku ya kliniki iliyofuata akasema anajisikia vizuri, haoni haja ya kwenda. Ilinichukua wiki nzima kuelewa kwamba hakuwa amepona. Alikuwa ameona aibu.

Nikakodi Noah. Mlango ukateleza pembeni, hata kwenye uchochoro wetu ambamo mlango wa kawaida haufunguki wote. Mama akageuka, akakaa kwanza, akaingiza miguu yake mwenyewe, akaweka kibeti magotini. "Mbona mmesimama? Twende," akasema.

Wadau, mjadala wangu uliishia hapo. Mfumo mzuri ni ule ambao mtumiaji dhaifu kuliko wote anauingia bila kuomba msaada. Gari lenu linawapendeza wanaoliangalia likipita. Mimi nanunua la wanaokaa ndani.

Shemeji, nakuheshimu, na tukienda Olenguruone wakati wa mvua nitakuomba Prado yako bila aibu, mafuta juu yangu. Siku nyingine zote utatuona kwenye Noah, bila mstari wa manjano. Mwenye hoja alete. Mwenye kejeli, kwanza ampandishe mama yake.