Mshipa Upi, Sindano Ipi? Lugha na Tiba ya Maumivu ya Sayatika

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Je, mgonjwa asiyeficha maradhi yake, ila hana neno la kuyataja, atafichuliwa na nini? Swali hili linawahusu wanafunzi na walimu wa Kiswahili pengine kuliko wanavyodhani, na maumivu ya sayatika ni mfano mwafaka.

Neva ya sayatiki ndiyo nene kuliko neva zote mwilini. Huanzia sehemu ya chini ya uti wa mgongo, hupitia kwenye tako na kuteremka nyuma ya paja. Aghalabu diski iliyo baina ya pingili za kiunoni hutokeza na kuubana mzizi wa neva hiyo. Hapo mtu huhisi maumivu yanayochoma mithili ya moto toka kiunoni hadi mguuni. Akifika kwa daktari, husema ana "mshipa". Masikini neno hili limebebeshwa mzigo mzito: ni njia ya damu, ni neva, ni kano, na papo hapo ni jina la ngiri. Daktari asiyedadisi zaidi anaweza kutibu kisichougua.

Utata huzidi tiba inapokuwa akupancha. Katika tiba hii ya Wachina, iliyoelezwa katika kitabu cha kale cha Huangdi Neijing, sindano nyembamba zisizo na dawa hudungwa katika sehemu maalumu za mwili. Kwa sayatika, miongoni mwa sehemu hizo ni Huantiao, kwenye tako, na Weizhong, nyuma ya goti. Hata hivyo, Mkenya akiambiwa atadungwa sindano huelewa kwamba dawa itaingia mwilini. Yamkini atajiona ametapeliwa akigundua hakutiwa kitu. Au atadhani ametiwa dawa kali, aache zile alizoandikiwa. Ridhaa inayotolewa kwa neno lisiloeleweka si ridhaa.

Wapo wanaoibeza tiba hii, nao wana hoja. Mnamo 2016, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu nchini Uingereza, ilishauri akupancha isitumiwe kutibu maumivu ya kiuno, yawe na sayatika au yasiwe nayo. Kwa upande mwingine, mwaka 2024 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 6 nchini China, kwa wagonjwa zaidi ya 200 wenye sayatika sugu iliyosababishwa na diski. Walitibiwa mara 10 katika wiki 4. Waliodungwa sindano za kweli walipungukiwa na maumivu kuliko waliodungwa za kughilibu, na tofauti hiyo ilionekana hata katika wiki ya 52.

Neno la kushikilia hapa ni nafuu. Nafuu si kupona, na kutuliza si kuponya. Anayetangaza kwamba sindano "huponya mshipa" anapotosha mara mbili: katika kitenzi na katika nomino. Isitoshe, mwenye sayatika akihisi ganzi baina ya mapaja au akishindwa kudhibiti mkojo, hana budi kukimbizwa hospitalini mara moja. Sindano hizo hazimfai wakati huo.

Kiswahili si lugha maskini katika uwanja huu. Tangu jadi kina kitenzi kuumika, yaani kumtoa mtu damu kwa chuku. Lugha iyo hiyo ikakifanya kitendo cha kupiga chuku kiwe pia na maana ya kutia chumvi katika maneno. Waama, lugha ilikwisha kung'amua kwamba mganga na mpiga domo hukaa jirani.

Inapasa, basi, neva iitwe neva, na mshipa uachiwe damu. Akupancha iitwe hivyo, nayo ielezwe waziwazi kuwa ni sindano isiyo na dawa. Kazi hii isiishie katika makongamano. Wanafunzi wa isimu wanaweza kuketi na wauguzi na wagonjwa, wasikilize maumivu yanavyotajwa Lamu, Kakamega na Machakos, kisha waandae vijikaratasi vya maelezo vinavyosomeka. Istilahi iliyofungiwa kamusini haijamtuliza mtu kiuno.